Mtu Ajihukumuye Mwenyewe

Sisi tukaao kwenye miteremko ya Mlima Meru si watu wa mashua. Maji yetu ni maji ya mfereji, yapitayo katika njia nyembamba waliyoichimba wazee. Na maji mapana kuliko yote wayajuayo wengi wetu ni Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, ambalo mtu aweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja na kurudi nyumbani kabla chakula cha mchana hakijaiva. Basi msomaji wa Kijenge, au wa Nkoaranga, atashangaa kuona mwalimu akimletea habari za mashindano ya mashua za tanga. Twamwomba atuvumilie. Swali tulilorudi nalo kutoka pwani ni lake kama lilivyo letu, nalo ni hili: mtu akikosa mahali asipoonekana na mtu, yampasa afanye nini; tena, akijua yampasayo, atapata wapi nguvu ya kuyafanya?

Mwaka mmoja, katika likizo ya mwezi wa Juni, tulikwenda Dar es Salaam kumwamkia ndugu yetu akaaye Msasani. Jumamosi alasiri tukashuka pwani kupunga upepo. Kusi ilikuwa ikivuma kwa kadiri, na katika ghuba tukaona matanga meupe madogo, yapata kumi na mawili, yakienda na kurudi kama vipepeo juu ya shamba la maharage. Hapo Msasani ndipo kilipo chama cha wapenda mashua kiitwacho Dar es Salaam Yacht Club, kilichoanzishwa mwaka 1933. Na desturi ya vyama vya namna hii, hapo na kwingineko katika pwani yetu, ni kushindana mwisho wa juma, watu wakiisha kutoka kazini.

Mashua zenyewe si majahazi, wala si ngalawa. Ni vyombo vyepesi mno. Mojawapo ijulikanayo sana duniani, iitwayo Laser, ina urefu wa meta 4.23, mlingoti mmoja, tanga moja na mtu mmoja, wala haichukui farumi yo yote ila mwili wa huyo mwendeshaji. Upepo ukizidi, mtu hukaa ukingoni, akaikaza miguu ndani, akajinyosha nje hata mgongo wake ukakaribia kugusa maji; akilegea kidogo, mashua hupinduka naye akaogelea. Maboya huwekwa majini, moja likiwa upande utokako upepo, na kila mmoja lazima ayazunguke kwa utaratibu uliotangazwa. Kwenda na upepo ni jambo rahisi kulifahamu. Lakini kuuendea upepo hakuna mashua ya tanga iwezayo moja kwa moja. Haina budi kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu, kisha kugeuza na kwenda mshazari upande wa pili, kama njia zetu za kupandia mlima zipindavyo huku na huku, kwa kuwa hakuna mwenye mzigo awezaye kupanda wima.

Tulikuta mzee mmoja mvuvi ameketi chini ya mti akitengeneza wavu wake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Keti utazame." Tukaketi. Punde tukaona mashua moja, ambayo ilikuwa ya tatu kwa wale wa mbele, ikilizunguka boya la mbali. Kisha, pasipo sababu tuliyoweza kuiona, ikaacha njia yake, ikajitenga na wenzake, ikajizungusha mahali pale duara nzima kama kuku aliyekatwa kichwa, halafu ikashika safari tena. Wakati huo mashua mbili zilikwisha kuipita.

Tukasema, "Mzee, yule ameshindwa na upepo?"

Akasema, "La, mwalimu. Amegusa boya."

"Nani amemwona?"

Mzee akaangalia baharini. Mashua ya wasimamizi ilikuwa mbali, karibu na mahali walipoanzia, na wenziwe wawili waliomfuata walikuwa wameyainamia matanga yao. "Hapana aliyemwona," akasema. "Amejitia adabuni mwenyewe. Mjukuu wangu alifanya kazi ya kuzivuta mashua zile pwani, ndiye aliyenieleza. Mwanzo nilidhani ni wazimu."

Jambo hili lilitushika. Tulipopata nafasi tuliitafuta sheria ya mashindano hayo, ambayo ni moja kwa dunia nzima na hutengenezwa upya kila baada ya miaka minne, tukaona ya kuwa mzee alisema kweli. Katika mashindano ya kawaida ya vyama hakuna mwamuzi mwenye filimbi akimbiaye kati ya wachezaji kama katika mpira wa miguu. Bahari ni pana, na macho ya wasimamizi hayatoshi. Basi sheria inaweka msingi huu mbele ya yote: mshindani akivunja sheria, na ajiadhibu mara moja. Aliyegusa boya hujizungusha mara moja. Aliyemzuia mwenziwe mwenye haki ya njia hujizungusha mara mbili. Haki yenyewe imeelezwa wazi: mashua ipatayo upepo ubavuni mwa kulia ina haki, nayo ipatayo upepo kwa kushoto hupisha, na mbili zikienda upande mmoja ubavu kwa ubavu, ile iliyo joshini, yaani upande utokako upepo, huipisha ile iliyo demani. Tena mtu anapojizungusha hana haki yo yote. Huwapisha wote, hata yule aliyekuwa apishwe naye.

Msomaji asidhani kwamba waendesha mashua ni malaika. Wapo wakosao na kunyamaza. Kwa ajili ya hao sheria inampa aliyedhulumiwa ruhusa ya kupaza sauti palepale kwamba anashtaki, na mshtakiwa akikiri na kujizungusha, neno limekwisha. Akikataa, baraza huketi pwani, mashahidi husikilizwa, na akionekana ana kosa, safari yake yote ya siku ile huhesabiwa kuwa si kitu. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyopangwa. Baraza ni la mwisho. Anayeanza ni mkosaji mwenyewe.

Tulipomweleza mwalimu mwenzetu habari hii, alicheka. Alisema kwamba ni rahisi kwa watu wenye nafasi kuwa waaminifu katika mchezo, maana akipoteza nafasi mbili hapungukiwi na unga nyumbani. Akaongeza la pili lililotuuma zaidi: kwamba vyama vingi vya namna hii katika nchi zetu vilianzishwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu katika siku za ukoloni, na wale waliojizungusha kwa uaminifu majini kwa ajili ya kosa dogo la boya, walirudi nchi kavu wakafunga mlango, Mwafrika akabaki nje na trei mkononi. Hapo hatukuwa na jibu, wala hatulitafuti. Ni kweli kwamba mtu aweza kuwa mwadilifu kabisa ndani ya duara ya walio sawa naye, akawa kipofu kwa yule aliye nje ya duara. Lakini kosa la watu halifanyi sheria yao njema kuwa mbaya, na kitu chema chaweza kuokotwa po pote.

La kwanza, la mchezo, twalipinga. Sisi tufundishao watoto twajua kwamba mtu huanza kudanganya katika mambo yasiyo na faida. Mtoto husema uongo juu ya kokoto za bao. Mkubwa ashindwaye kusema "nimegusa" mahali pasipo hasara ila nafasi mbili, atasemaje palipo na hasara ya shamba?

Lililotufikirisha zaidi ni kiasi cha adhabu. Kujizungusha mara moja au mbili ni hasara ndogo. Hukuuma, kwa maana waona wenzako wakikupita nawe ulitoka jasho kuwapita. Lakini baada ya duara yako u mtu safi, wala hapana awezaye kukukumbusha kosa lile jioni. Adhabu yajulikana kabla, hulipwa palepale, na huisha. Kwa hiyo mtu wa kawaida, asiye shujaa, aweza kuikubali. Je, sisi twafanyaje nyumbani na shuleni? Kioo cha dirisha kikivunjika, mwalimu husimama mbele ya watoto arobaini na fimbo mkononi akiuliza, "Nani amevunja?" Kisha hukasirika kwa kuwa hakuna anayejibu! Aliyevunja ameshapima: akinyamaza, huenda asijulikane, akisema, atapigwa, baba yake ataitwa, na kwa mwaka mzima ataitwa mvunja vioo. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kunyamaza, nasi tulimfundisha vizuri kuliko tulivyomfundisha hesabu.

Basi tulijaribu. Tuliwaambia watoto wa darasa letu kwamba mtu akikosa, akaja kusema mwenyewe kabla ya kengele ya jioni, atafagia darasa siku moja, na neno lake litakuwa limekwisha. Juma la kwanza walikuja wengi, hata tukaona haya kwa mambo tuliyokuwa hatuyajui. Juma la tatu akaja mmoja mwenye akili nyingi. Alikuwa ananakili hesabu za jirani yake kila siku, na kila jioni alikuja na ufagio tayari. "Mwalimu, nimenakili," asema, akafagia akiimba. Alikuwa ameona kwamba kufagia ni kazi nyepesi kuliko kugawanya. Adhabu yetu ilikuwa imegeuka kuwa bei.

Tulirudi kwenye sheria ya mashua tukiwa tumefedheheka kidogo, tukakuta ya kwamba wale walioitunga walikwisha kumfikiria mtoto yule. Imeandikwa kwamba ikiwa mtu kwa kosa lake amepata faida kubwa hata baada ya kujizungusha, au amemjeruhi mtu, au ameharibu chombo vibaya, basi kujizungusha hakutoshi. Adhabu yake ni kutoka katika mashindano. Naye hutoka mwenyewe. Hushusha tanga lake moyoni, kama tuwezavyo kusema, akaelekea pwani huku wenzake wakiendelea. Kosa la bahati mbaya lina duara yake, na kosa lenye faida au lenye jeraha lina mlango wa kutokea. Yule mtoto tukamwambia kwamba hesabu zote za mwezi ule hazitahesabiwa. Alilia, naye akaacha.

Sheria hiyo hiyo ina jambo jingine ambalo halina budi kutajwa. Neno la kwanza kabisa katika orodha yake halihusu upepo wala maboya. Lasema kwamba kila mshindani atampa msaada wote awezao mtu ye yote au chombo cho chote kilicho hatarini. Naye aliyepoteza nafasi kwa kutoa msaada aweza kuomba arudishiwe. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988, huko Pusan katika Korea ya Kusini, tarehe 24 Septemba, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili katika safari yake, upepo ukiwa mkali sana, alipowaona watu wawili wa Singapuri waliopinduka katika mashindano mengine ya karibu, nao wako taabuni. Akaiacha njia yake, akawatoa majini, akangoja mpaka walipochukuliwa na mashua ya ulinzi, ndipo akaendelea. Alimaliza nyuma sana. Waamuzi wakampa nafasi ya pili kwa safari ile, ile aliyokuwa nayo alipogeuka. Lakini kwa jumla ya safari zote alikuwa wa kumi na moja, wala hakupata nishani ya ushindi. Alipewa nishani nyingine, ile yenye jina la Pierre de Coubertin. Twaona hapa sheria ikifanya kazi ile ile ya duara: haimwachii mtu mwema hasara yote peke yake. Huwezi kuamuru ushujaa, lakini waweza kuupunguzia gharama.

Tungeweza kuishia hapo kama swali hili lingekuwa la watu wengine. Lakini tulisema mwanzo kwamba ni letu, na sasa yatupasa kusema kwa nini.

Kila mtu wa mlimani ajua zamu ya mfereji. Maji ni machache wakati wa kiangazi, na mashamba ni mengi; kwa hiyo nyumba hii hupewa tangu magharibi hata jogoo wa kwanza, na nyumba ile tangu jogoo wa kwanza hata jua kuchomoza. Usiku hakuna mlinzi. Kuna jiwe, udongo, na gogo la mgomba la kuzibia. Na mtu mmoja, mwenye jembe na taa. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mwaka wa ukame, tulitumwa na baba kuangalia zamu yetu. Jogoo akawika. Mahindi yetu ya upande wa chini yalikuwa hayajanywa. Tuliangalia njia, hapakuwa na mtu. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja mjane, ambaye kijana wake alikuwa amesafiri, naye hakuweza kutoka usiku. Tukaliacha gogo mahali pake. Maji yalikuja kwetu mpaka alfajiri, na usiku wa zamu iliyofuata tukafanya hivyo tena.

Maharage ya yule mama yalikuwa katika maua. Maua yalikauka yakaanguka. Naye alipouliza, hakutushuku sisi, kwa kuwa tulikuwa kijana aliyesoma. Alimshuku mwingine, kijana wa nyumba ya juu, aliyekuwa na jina la ukorofi. Akamsema mbele za watu. Yule akakana, wala hakuaminiwa. Tulikuwapo siku ile. Tulinyamaza.

Hata siku ile ya Msasani, miaka kumi na mitano ilikuwa imepita, na nyumba mbili zile zilikuwa hazisalimiani. Tulipoiona mashua ile ikijizungusha peke yake mbali na macho ya watu, jambo la kwanza lililotujia si hekima yo yote juu ya sheria. Lilikuwa gogo la mgomba. Kisha katika basi, njia yote ya kurudi Arusha, tulijaribu kujikatia duara: tutampelekea yule mama gunia la maharage, tukisema ni zawadi ya sikukuu. Hiyo ingekuwa nafuu, tena angetushukuru! Lakini sheria tuliyoisoma baadaye haikutuachia nafasi. Faida tulikuwa tumeipata na kuila. Na jeraha lilikuwa juu ya mtu ambaye hata hakuwa na shamba katika neno lile. Nasi tungetokaje katika mashindano yaliyokwisha zamani? Kwa miezi mitatu tulilitumia swali hilo kama kisingizio cha kukaa kimya.

Mwishowe tulikwenda. Tulimkuta yule mama barazani akichambua maharage katika ungo. Tukamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwalimu, karibu." Tukamweleza tukiwa tumesimama. Hakuinua uso. Alichambua mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Mimi nilikwisha kula maharage mengine, mwanangu. Nenda kwa yule niliyemtukana kwa ajili yako." Tukaenda. Yule bwana, ambaye sasa ana watoto wakubwa, alitusikiliza akiwa mlangoni, akasema, "Nimesikia." Hakutukaribisha ndani.

Tukalipeleka neno kwa wazee wa mfereji, siku ya mkutano, mbele ya watu wote, na baba yetu akiwapo, amejifunika blanketi lake. Wazee walishauriana muda mrefu, maana hawakuwa na kanuni ya kosa la zamani hivyo lililoletwa na mkosaji mwenyewe. Wakakata hivi: tusafishe mfereji peke yetu, tangu jiwe la juu hata daraja, na zamu zetu mbili za kiangazi kile zipewe nyumba ya mama na nyumba ya juu. Baadhi ya watoto wetu wa shule walikuja kutazama mwalimu akichimba tope. Hatukuwafukuza. Alasiri yule bwana alipita na ng'ombe wake. Tukamsalimu, akaitikia salamu, akaenda zake pasipo kusimama. Jua lilipokaribia kuzama tulifika darajani, wazee wakaja wakatazama, wakaliondoa gogo, na maji yakashuka. Zamu ilikuwa ya yule mama.